Mbuzi Mwenye Kompyuta Mbili

Chanda angeweza kuubeba mpakato wake mpya mkononi, ndani ya mkoba mweusi uliokuja nao, kama watu wengine wanavyobeba kompyuta zao. Lakini alipouacha mji nyuma na kuanza kuingia mtaa wao wa Kamalondo, alifungua kitenge cha pili kiunoni, akainamisha mgongo, akauweka ule mkoba pale ambapo mtoto hukaa, akavuta ncha mbili hadi kifuani na kupiga fundo. Sababu ya kwanza ilikuwa wezi, kwa maana hata mwizi wa Kamalondo ana haya zake: hampokonyi mama mtoto wa mgongoni. Sababu ya pili hakuisema hata moyoni, ila miguu yake iliijua. Miguu ilikuwa inacheza.

Wauza makaa wa pale konani walimwona.

"Chanda! Ulizala siku gani?"

"Leo!" akajibu bila kusimama. "Tena bila kulala hospitali!"

Nyumbani, mama yake, Adolphine, alikuwa ameketi mlangoni akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Aliinua macho, akamtazama binti yake kuanzia viatu vyenye vumbi jekundu hadi kwenye lile fundo la kifuani.

"Ule mutoto iko na baba?"

"Baba yake ni hii mikono yangu, mama."

Alikishusha kitenge taratibu, akafungua zipu, akautoa. Ulikuwa wa rangi ya majivu, mwembamba, baridi kama jiwe la mtoni. Adolphine alifuta vidole kwenye nguo, akaugusa kwa kidole kimoja.

"Njo hii tu? Iko sawa sinia ya chai."

"Hii sinia iko na moto yake mwenyewe, mama. Courant ikienda, yeye anabakia. Hata kama mutaa muzima uko giza, miye nitakuwa nachora!"

"Muzuri," Adolphine akasema, akarudia sombe yake. "Sasa ile ingine itoke. Tulisikilizana."

Ni kweli walisikilizana. Nyumba yao ilikuwa na sebule moja, na sebule ilikuwa na meza moja, na meza hiyo ilikuwa na mwenyewe: kompyuta kubwa ya mezani, yenye kioo kipana kama dirisha na sanduku la chuma lililonguruma kila lilipowashwa. Chanda na kaka yake Guelor waliijenga wenyewe kipande kwa kipande, leo kioo, mwaka unaofuata sanduku, hadi siku ilipowaka yote kwa pamoja na paka wa jirani akakimbia. Guelor aliipa jina la Garimoshi. Babu yao alifanya kazi ya reli maisha yake yote, naye alikuwa akisema kwamba mashine ya kweli unaisikia kabla ya kuiona.

Lakini Garimoshi hakumwachia mtu nafasi hata ya kuweka glasi ya maji. Wageni wa Adolphine walipakata sahani. "Bantu banakula ku magoti sawa ku matanga," alikuwa akilalamika, "na kumbe hapa hakuna mutu alikufa." Kwa hiyo Chanda aliposema anataka mpakato, mama alitoa baraka zake kwa sharti moja tu: meza moja, mashine moja. Na mnunuzi alikwisha kupatikana. Lucien, mwenye kibanda cha kupiga chapa karibu na soko, angekuja Jumamosi jioni na mkokoteni wake kumchukua Garimoshi.

"Uko unauzisha babu juu ya kununua mutoto," Guelor alimwambia dada yake usiku ule walipokubaliana na Lucien.

"Babu anazimia kila siku, yaya," Chanda akajibu, maana kwao kaka mkubwa huitwa yaya. "Courant ikienda tu, anazimia na kazi yangu mu tumbo yake."

Guelor akapangusa vumbi la kioo cha Garimoshi kwa kiganja.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: Chanda alichora nakshi. Mafundi wa Kamalondo wenye cherehani za kutarizi walihitaji mtu wa kuwachorea kwenye kompyuta ua, herufi au msalaba, na kupanga kila uzi utapita wapi. Chanda alichora, akatia mchoro kwenye kidude cha kuhifadhia wanachokiita klé, akakipeleka kwa fundi, na cherehani ikafuata amri yake kama askari. Nakshi zake zilikwisha kukaa kwenye vifua vya kwaya mbili na kwenye mgongo wa koti la mchungaji. Lakini hakuna aliyelijua jina lake. Waliosifiwa walikuwa mafundi.

Jumamosi hiyo ndiyo ingebadilisha mambo. Mama Virginie, mfanyabiashara mkubwa wa vitambaa katikati ya mji, alikuwa anamwoza binti yake Princesse kwa kijana aitwaye Ariel. Familia zote mbili zingevaa sare yenye nakshi moja kifuani, na nakshi hiyo ingechaguliwa Jumamosi mchana, sebuleni kwa Mama Virginie, mbele ya wakubwa wa pande zote. Chanda aliitwa. Angefika, angeonyesha, angebadilisha palepale kila watakachokitaka, na kama wangependa, mji mzima ungeiona kazi yake siku moja. Kama wasingependa, Mama Virginie angeagiza nguo zilizotariziwa tayari kutoka ng'ambo, na Chanda angerudi kuwachorea mafundi misalaba.

Ndiyo maana alitaka mpakato. Alikwisha kujiona: amevaa gauni la bluu, anaingia sebuleni, anaufungua kama kitabu, na wale mama wakubwa wanasema, "Aaa!"

Ijumaa alasiri, akiwa amekaa kitandani anahamisha michoro yake ndani ya mpakato, alisikia sauti uani.

"Pfuuu! Harufu gani hii? Ni mbuzi! Hapa kunakaa mbuzi!"

Adolphine akacheka huko nje. "Ingia, Chui. Ila ufute miguu, makucha yako iko na matope."

Alikuwa Kapya, au ba Kapya kama alivyoitwa kwa heshima, seremala wa mtaa wa pili, mwenye pengo kubwa la jino la mbele na penseli isiyotoka sikioni. Ba Kapya alikuwa wa ukoo wa Chui. Adolphine na watoto wake, kwa kuwa ukoo hufuata tumbo la mama, walikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Na kila mtu anajua mambo ya Chui na Mbuzi. Tangu zamani za mababu koo hizi mbili ni watani. Wenyewe huita bunungwe. Chui atamtukana Mbuzi hata msibani, Mbuzi atamdhihaki Chui hata mbele ya wakwe zake, na mmoja akiona kitu kizuri kwa mwenzake anaweza kukinyakua na kuondoka nacho. Mwenye kitu haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, ameshindwa. Njia ya kukikomboa ni moja tu: amcheke mnyakuzi mbele ya watu mpaka mnyakuzi mwenyewe akose jibu.

Ba Kapya alikuwa pia mjomba wa Ariel, bwana harusi. Ni yeye aliyemtajia Mama Virginie jina la Chanda. Kwa hiyo Chanda alitoka chumbani akitabasamu, na mpakato wake mikononi, kumwonyesha.

Hilo lilikuwa kosa.

Ba Kapya aliutazama mpakato. Akamtazama Garimoshi pale mezani. Akautazama mpakato tena.

"Mbuzi moja, ordinateur mbili?" akasema polepole. "Na miye, Chui, ku nyumba yangu hata moja? Mungu wangu, njo bantu banasema dunia inaharibika."

Na kabla Chanda hajafumba mikono, mpakato ulikuwa kwapani mwa seremala.

"Ba Kapya! Kesho niko na kazi! Kesho mu salon ya ba mama Virginie, na weye unajua, ni weye ulini..."

Alikutana na macho ya mama yake. Macho yalisema: usithubutu. Kumkasirikia mtani ni kumpa nyama na ngozi juu yake.

"Najua," ba Kapya akasema kwa raha zote, akiwa tayari mlangoni. "Nitakuwa pale, ku kiti ya mbele. Kama uko na kinywa, utaikomboa. Kama hauna kinywa, nitakulia supu juu yake. Sinia muzuri!"

Chanda alifungua mdomo. Yeye aliyewajibu wauza makaa bila kusimama, hakupata hata neno. Alimsikia ba Kapya akienda zake anapiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa na upepo kwa sababu ya lile pengo.

"Sasa?" Guelor akauliza aliporudi na kuambiwa.

Chanda alikuwa ameketi sakafuni. Michoro haikuwa imepotea. Yote ilikuwa kwenye klé. Kilichopotea kilikuwa ule mpakato unaofunguka kama kitabu, na "Aaa!" ya wale mama wakubwa. Alimtazama Garimoshi. Garimoshi alimtazama kwa kile kioo chake kipana cheusi, kama mzee ambaye hakualikwa lakini amesikia kila kitu.

"Yaya," akasema, "bega yako iko nguvu?"

Guelor akaanza kucheka. "Weye iko na kichwa mbovu. Tutafanya vile kweli?"

"Tutafanya."

Basi Jumamosi mchana watu wa barabara ile itokayo Kamalondo kwenda katikati ya mji waliona msafara usio wa kawaida. Mbele alikwenda Guelor na sanduku la chuma begani kama mbeba jeneza aliyeachwa na wenzake. Nyuma yake alikuja Chanda, gauni la bluu limefungwa juu kidogo lisiguse vumbi, na mgongoni, ndani ya kitenge, kile kioo kipana, ncha zake zikitokeza kila upande. Mwisho kabisa alikuja Adolphine na kibodi, furushi la nyaya na kitambaa cha kichwa cha sikukuu, anaomba rozari nusu kwa sauti. Maua ya zambarau ya mijakaranda yalikuwa yamejaa barabarani na kuwatelezesha.

"Mama!" kijana mmoja wa taksi akamwita Chanda. "Ule mutoto iko na kichwa kubwa!"

"Iko na akili mingi!" Chanda akajibu, na mara akasikia kwamba maneno yamemrudia. Bado aliogopa, lakini haikuwa hofu peke yake. Ilikuwa ile hali ya mtu anayekimbilia treni na kuona kwamba ataiwahi.

Sebule ya Mama Virginie ilikuwa kubwa na yenye makochi ya ngozi. Upande wa kulia walikaa watu wa bibi harusi, upande wa kushoto watu wa bwana harusi. Ba Kapya alikuwa kiti cha mbele kama alivyoahidi, na ule mkoba mweusi amepakata magotini, mikono imefumbatwa juu yake kama mtu anayengoja chakula. Televisheni ya nyumba ilikuwa imekwisha kufungashwa pamoja na vyombo atakavyohamia navyo Princesse, kwa hiyo kabati la televisheni lilikuwa tupu. Guelor akamkalisha Garimoshi hapo, nyaya zikaingizwa, na Chanda akabonyeza kitufe.

Garimoshi alinguruma. Shangazi mmoja wa Chui akajishika kifua.

"Njo nini hii? Ndege?"

"Hapana, mama," Guelor akasema kwa heshima. "Ni Garimoshi."

Wakacheka, na kicheko kile kikamsaidia Chanda. Kioo kikawaka. Nakshi ya kwanza ikatokea, waridi jekundu kubwa kuliko kichwa cha mtu, kila uzi unaonekana. Ndipo Chanda alipogundua jambo ambalo hakuwa amelifikiria siku zote alizolala na mpakato kando ya mto wa kitanda. Hakuna aliyenyoosha shingo. Hakuna aliyesogea. Bibi mzee wa kona ya mbali, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliona sawasawa na Mama Virginie aliyekaa mbele. Kama angekuja na mpakato, ungepita mkono kwa mkono, na kila ambaye angekuwa wa mwisho kuupokea angejiona amedharauliwa, na hapo hapo ndoa ingeanza na kinyongo.

Lakini kuona ni jambo moja, na kupenda ni jingine.

"Haya maua," akasema mtu wa upande wa Chui, "iko sawa rido ya madirisha ya hoteli."

Chanda akaleta pete mbili zilizoshikana.

"Hii ni pingu," akasema mtu wa upande wa Mbuzi. Maana Mama Virginie na watu wake nao walikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Ndoa hii ilikuwa kichekesho cha mji hata kabla ya kufungwa. Upande mmoja ukisema ndiyo, upande wa pili ulisema hapana, kwa mazoea tu.

Akaleta njiwa wawili.

"Mama yangu!" ba Kapya akapiga kelele. "Hizi kuku, zinagonjwa tangu lini?"

Vicheko. Chanda akabadilisha rangi, akaongeza jani, akapunguza herufi. Mikono ilikuwa inakwenda mbio, jasho linamtiririka mgongoni. Alimwona Mama Virginie akitazama saa, kisha akimtazama Princesse, kisha akiinua mkono wenye pete nene.

"Bandugu, tusichokeshane. Mutoto anajua kazi, lakini shiye hatusikilizane. Nitaagiza ya tayari ku ng'ambo, mambo iishe."

Moyo wa Chanda ukaanguka hadi sakafuni. Na ba Kapya, badala ya kunyamaza, akasimama.

"Musimulaumu mutoto, ba mama Virginie. Mulitegemea nini? Mbuzi ukimupatia maua, hachore. Anakula!" Sebule ikalipuka. Akainua mkoba mweusi juu. "Hata sinia yake iko hapa kwangu! Tangu jana namungoja aikomboe. Semeni, mbuzi wa Kamalondo bote banakatwa ndimi?"

Macho yote yakamgeukia Chanda. Pale nyuma Adolphine alikuwa ameacha rozari. Chanda alifungua mdomo, na mara nyingine tena mdomo ukabaki mtupu. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kipanya cha kompyuta, na mkono haukungoja mdomo.

Alifuta njiwa. Kioo kikawa cheupe.

Akachora mgongo mmoja mrefu uliopinda. Akachora mkia. Madoadoa, moja, mbili, mengi. Sebule ikaanza kutulia. Akachora miguu minne iliyopiga magoti, kisha uso, na mdomo wa chui uliofunguka kucheka. Katikati ya mdomo, mahali pa jino la mbele, hakuchora kitu.

"Eee!" yule bibi mwenye miwani, ambaye alikuwa wa ukoo wa Chui, ndiye aliyeanza. "Lile pengo! Ni Kapya! Ni Kapya wetu!"

Chanda akaongeza penseli sikioni. Watu wakaanza kupiga mapaja. Mkiani mwa chui akaning'iniza sinia ya chai. Kisha, juu ya mgongo wa chui, akamkalisha mbuzi: mbuzi jike, mnono, amefunga kilemba kirefu kama cha Mama Virginie, kwato mbili zimeshika masikio ya chui kama mtu anayeendesha baiskeli.

Sebule haikuwa sebule tena. Watu wa Chui walicheka kuliko watu wa Mbuzi. Ariel, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, alikuwa amemwangukia Princesse begani. Mama Virginie alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Na ba Kapya alikuwa amesimama palepale katikati, mdomo wazi, pengo lake la kweli likitazamana na pengo la kioo, na hakuna neno lililotoka.

"Mama," Princesse akasema. "Njo hii. Nataka hii ku nguo."

"Hii? Ku ndoa? Ba padiri batasema nini?"

Yule bibi mwenye miwani akainuka kwa fimbo yake, akasogea hadi karibu na kioo, akagusa mgongo wa chui.

"Utazame vizuri, ba mama Virginie. Chui amebeba mbuzi na hamukule. Unataka ndoa gani ingine?"

Wote wakajibu kwa pamoja. Pengo libaki! Hapana, pengo litoke! Kilemba kiwe chekundu! Mbuzi awe na hereni! Chanda alikuwa anaongeza, anapunguza, anacheka, moyo umerudi kifuani na unapiga kama ngoma. Ariel akadai chui naye apewe tai. Chanda akachagua uzi wa dhahabu kuichora ile tai.

Na courant ikaenda.

Kioo kikafa. Garimoshi akashusha pumzi ndefu, akanyamaza. Feni juu ya vichwa vyao ikazunguka mara ya mwisho kwa uvivu na kusimama.

"Jenereta?" mtu akauliza.

"Iko kwa fundi," Mama Virginie akasema. Kisha akamgeukia Chanda. "Uliichunga mu ordinateur?"

Chanda akatikisa kichwa. Kila ua lake, kila pete, kila njiwa mgonjwa alikuwa ameviweka salama. Lakini ule mchoro wa chui ulikuwa tusi, na nani huhifadhi tusi?

Guelor akajipiga paji la uso. Watu walikaa kama wachezaji ambao ngoma yao imepasuka ngozi. Ba Kapya akakohoa.

"Muliona? Mbuzi alinipanda, nikamuzimishia taa."

Watu wakacheka, lakini kidogo tu, wakimngoja. Alikuwa na nafasi ya kuondoka na ushindi. Ushahidi wa aibu yake ulikuwa umekufa ndani ya sanduku la chuma. Aliukuna mkoba mweusi kwa kucha. Halafu akatembea hadi pale Chanda alipoketi, akapiga goti moja, akauweka mkoba mapajani mwa Chanda.

"Mbele ya bantu bote nasema: Chui ameshindwa. Kamata sinia yako. Usiku nilijaribu kuifungua, inaniomba jina la siri. Nikaandika 'chui', ikakataa." Akatazama huku na huku. "Iko na akili. Unichore tena. Ila sasa, mwana wangu, unirudishie jino langu!"

"Jino yako nitaitoa wapi, ba Kapya?" Sauti ilikuwa ya Chanda, wazi, kubwa, na ilimshangaza yeye mwenyewe. "Seremala ni weye. Chonga!"

Adolphine alipiga kigelegele ambacho kilisikika hadi barabarani.

Mpakato uliwaka kwa moto wake mwenyewe katika sebule ile iliyozimika. Sasa hakukuwa na makochi wala upande wa kulia na wa kushoto. Watu wote walikuwa nyuma ya Chanda, wamepanda juu ya viti, vichwa vimepangana kama nyanya sokoni, wanasukumana, wanapumuliana, bibi mwenye miwani analalamika kwamba haoni chochote isipokuwa kilemba cha mtu. "Turudishie ile kioo kubwa!" akasema. "Hii ni ya kuchungulia!" Lakini hakuna aliyeondoka. Mbuzi wa pili alitoka mzuri kuliko wa kwanza, na baada ya kila mstari Chanda alihifadhi, na kila alipohifadhi watu wa nyuma walipiga makofi.

Tai ya dhahabu ilipokamilika, Mama Virginie alimshika bega.

"Kazi ni yako. Nyumba zote mbili. Na ku kila nguo, chini, kidogo, utaweka jina lako."

Chanda aliinamisha kichwa kwa shukrani, na mpakato ulikuwa na joto magotini mwake kama mtoto kweli.

"Bado," yule bibi akasema, akigonga fimbo. "Chui aliyeshindwa analipa. Mbuzi, sema. Unataka kuku? Unataka bia?"

Chanda aliutazama mpakato. Alimtazama Garimoshi, mweusi na kimya mahali pa televisheni, baada ya kuichekesha sebule nzima. Tangu alipoutaka mpakato alikuwa ameuliza nani atoke. Hakuna hata siku moja aliyouliza kwa nini meza ni moja. Na meza, kumbe, si mvua; haitoki mbinguni.

"Meza," akasema.

"Meza?" ba Kapya akaruka. "Meza ya mbuzi? Mbuzi anakula chini!"

"Njo maana naomba meza, ba Kapya. Tunachoka kula chini."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama waliporudi Kamalondo, Guelor na sanduku, Chanda na kioo mgongoni na mpakato kifuani kama mama wa pacha, Adolphine na kibodi. Lucien alikuwa anangoja mlangoni na mkokoteni wake, ameutandika gunia zuri.

Chanda alitaka kusema, lakini mama yake alitangulia.

"Lucien, mwanangu, rudia na gunia yako. Hapa hakuna cha kuuzisha."

"Mama, si ni weye ulisema meza iko moja?"

"Ingine inakuja."

Na kweli ilikuwa inakuja, maana nyuma yao alifika ba Kapya, anahema, na futi yake mkononi. Aliingia sebuleni bila kubisha, akapiga goti pembeni mwa ukuta uliokuwa mtupu, akatoa penseli sikioni. Guelor alikwisha kumrudisha Garimoshi mahali pake, na mara umeme ukarudi mtaani. Watoto wakashangilia katika kila ua wa jirani, na sanduku la chuma likaanza kunguruma.

"Mbuzi!" ba Kapya akaita juu ya ule mngurumo. "Nipe kipimo. Urefu gani?"

"Sawa urefu wa ulimi yako, ba Kapya!"

Seremala alitazama ukuta mmoja, akatazama ule wa pili, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi itabidi tuvunje nyumba," akasema, akaanza kupima.